Tuliziba Ufa, Tukajenga Ukuta: Shajara ya Shimo la Changarawe

Shimo lenyewe liko Mkoa wa Pwani, upande wa Bagamoyo, kwenye uwanda wa zamani wa kijito kinachoshuka kuelekea Mto Ruvu. Mwenye leseni ananilipa nifanye kazi mbili zisizopatana: kuchimba changarawe iliyobaki upande wa kaskazini, na kulirudisha eneo lote liwe mahali ambapo mtu anaweza kupitisha ng'ombe wake bila kumpoteza. Haya nimeyanakili kutoka daftari langu la saiti. Nimepunguza maneno ya hasira na hesabu za dizeli, mengine nimeyaacha yalivyo, hata pale yanaponiaibisha.

4 Septemba 2023

Nimekabidhiwa shimo leo. Urefu mita 160, upana 100, kina mita 8 toka juu hadi sakafu ya mfinyanzi. Kuta zimesimama wima kama za kisima. Aliyechimba kabla yetu alikula changarawe hadi kwenye mpaka, hakuacha hata ngazi moja ya kupumzishia ukuta.

Ukuta wa mashariki unaonyesha tabaka zote. Juu nusu mita ya udongo mweusi wenye mizizi, chini yake mita moja na nusu ya udongo mwekundu unaonata, kisha changarawe ya mto: mawe ya mviringo, kuanzia yai la kanga hadi ngumi, katikati yake mchanga. Maji yamesimama mita 5.5 chini ya usawa wa ardhi, ya kijani, na kandambili moja ya mtoto inaelea. Hiyo kandambili imenikaa kichwani siku nzima.

Changarawe kavu ukiimwaga inajipanga yenyewe kwenye nyuzi 35 hivi. Ukuta huu uko nyuzi 80 na ushei. Kinachoushikilia ni unyevu kidogo na udongo kidogo kati ya mawe. Umesimama kwa mkopo.

Mita 9 kutoka ukingoni inaanza mikorosho ya mzee jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuchimba?"

"Nimekuja kufukia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Aliyekutangulia naye alisema hivyo hivyo."

9 Septemba

Nimekaa na kikokotoo. Bosi anadhani tutalijaza shimo lote kwa kifusi, tupande majani, tukabidhi. Shimo lina takriban mita za ujazo 128,000. Udongo wa juu uliobaki umerundikwa upande wa kusini na nimeupima kwa hatua na kamba, ni kama 11,000. Mwingine uliuzwa zamani, watu wamejengea misingi ya nyumba zao huko mjini. Pengo ni 117,000. Kwa tipa la mita 15 hizo ni tripu 7,800. Ukileta tripu 20 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni wiki 65 za kununua udongo, na hapo sijahesabu kwamba udongo ukishindiliwa unasinyaa.

Nimemwambia kwa simu. Kimya kirefu, halafu: "Sasa hiyo changarawe ilikwenda wapi?" Nikamwambia iko barabarani, bosi, na kwenye zege. Shimo ni hesabu ya kile kilichouzwa, na hakuna anayerudisha alichonunua. Kwa hiyo hatufukii lote. Tutalaza kuta, tutajaza pale pasipo na nafasi ya kulaza, katikati litabaki bwawa. Hajakubali, lakini hajakataa.

18 Septemba

Wiki nzima ni maji ya ardhini. Nilikodi mafundi wa kuchimba visima kwa mkono, wakatoboa matundu matatu: A mashariki, B kaskazini, C magharibi. Ndani ya kila tundu nimesimamisha bomba la plastiki la inchi 2. Mita mbili za chini nimelitoboa kwa msumari wa moto na kulizungushia chandarua kuukuu ili mchanga usiingie. Kupima natumia kamba yenye kifuniko kirefu cha chuma, mdomo wazi ukiangalia chini. Kikigusa maji kinalia *pok*. Unakishusha na kukipandisha mara tatu, ukisikia *pok* mahali pale pale, unabana kamba kwa kidole na kupima kwa futi. Ni kifaa cha bei ya soda na sijawahi kukiona kikiharibika.

Midomo ya mabomba yote nimeilinganisha na kigingi kimoja kwa mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi, maana ukipima kila bomba toka ardhi yake utajidanganya. Majibu, kwa mita chini ya kigingi (namba ikiwa ndogo, maji yako juu zaidi): A 5.10, B 5.32, C 5.95. Bwawa 5.50.

Maana yake maji yanatoka upande wa mikorosho, yanapita shimoni kwetu, yanaendelea kwenda kijitoni. Kwenye ukuta wa mashariki, kama sentimita 40 juu ya bwawa, kuna mstari wa unyevu na vijichemchemi vinavyodondosha maji safi. Mahali pawili maji yanatoka na punje za mchanga. Hapo ukuta unaliwa taratibu kwa ndani.

Kuna bibi mmoja, mita 120 kaskazini mashariki, ana kisima cha mita 7. Ameniambia kwamba miaka miwili mfululizo kiangazi kilipopamba moto, pampu zikilia huku shimoni, ndoo yake inapiga tope. Nimeweka kisima chake kwenye ratiba ya vipimo. Akaniuliza nitamlipa kiasi gani kwa kuchungulia kisima chake. Tumekubaliana sukari kilo moja kwa mwezi.

2 Oktoba

Tumeanza kujaza ukuta wa mashariki. Kulaza ukuta wa mita 8 kwa mwinamo wa moja kwa tatu kunahitaji mita 24. Kama una nafasi, unakata mita 12 nyuma ya ukingo na kuzisukuma mita 12 mbele, udongo unajilipa wenyewe. Mashariki nina mita 9 tu kabla ya korosho ya kwanza, na sikusudii kugusa hata jani lake. Kwa hiyo ukuta huo unajazwa wote kwa mbele.

Tumeanza na udongo mwekundu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Tipa linarudi nyuma hadi ukingoni, linamwaga, udongo unatumbukia majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatangaza El Niño na vuli ya juu ya wastani, kila mtu ana haraka. Mimi pia.

30 Oktoba

Mita 60 kati ya 100 zimejazwa. Kwenye daftari siku hii niliandika hivi, na naunakili mstari wote: "Chemchemi za mashariki zimezibwa kabisa. Ukuta mkavu. Safi."

A 4.85. Bwawa 5.45. Sikuziweka namba hizo mbili kando kwa kando.

20 Novemba

Mvua wiki tatu. Tipa hazipiti, tope linafika kwenye ekseli. Nimepata muda wa kukaa ndani na daftari, nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi uliopita: kutoa A kwenye bwawa. Septemba tofauti ilikuwa sentimita 40. Mwisho wa Oktoba 60. Tarehe 10 Novemba A ilikuwa 4.10 na bwawa 5.30, tofauti mita 1.20. Leo A 3.20, bwawa 5.15. Karibu mita mbili za maji zimesimama nyuma ya udongo wangu mwekundu, na mimi niliandika "safi".

Udongo unaonata, umemwagwa majini bila kushindiliwa, umekuwa kizibo. Maji ya mikorosho yalikuwa na njia yake, tumeifunga, na mvua inaendelea kuyaongeza kwa nyuma. Nimefunga eneo lote la mashariki kwa kamba nyekundu. Nimemweka kijana getini, hakuna kupita, awe mfanyakazi awe mchunga mbuzi.

21 Novemba

Asubuhi nimeukuta ufa juu, mita 4 nyuma ya ukingo, unakwenda sambamba na ukuta. Mwembamba, ungeweza kudhani ni njia ya siafu. Nikapigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na msumari juu ya kila kijiti. Saa 2 asubuhi kati ya msumari na msumari ilikuwa milimita 212. Saa 6 mchana 226. Saa 11 jioni 257. Mzee wa mikorosho alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli.

"Unapanuka?"

"Unapanuka, mzee."

"Basi twende tukakae mbali."

Ukuta umeondoka usiku, mnamo saa 5. Sauti haikuwa ya kishindo. Ilikuwa kama lori linalomwaga mzigo bila kumaliza.

22 Novemba

Mporomoko una upana wa mita 38. Umekwenda na kifusi chetu chote cha sehemu ile na pia mita 4 za ardhi asilia, hadi pale pale penye ufa. Korosho ya kwanza sasa iko mita 5 kutoka kwenye ngema. Hakuna aliyeumia. Kwenye sehemu iliyokatika maji yanabubujika kwa nguvu, mazito kama chai ya maziwa. A imeshuka kwa sentimita 70 tangu juzi. Maji yamefungua mlango yenyewe.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba, na ukuta ndio huo tunaujenga.

5 Desemba

Tangu Jumapili, tarehe 3, habari ni Hanang tu. Tope na mawe kutoka mlimani vimeshuka hadi Katesh na idadi ya waliofariki inazidi kupanda. (Baadaye ilipita 80.) Ule ni mlima na hili ni shimo, havilingani kwa lolote. Ila vijana wameniuliza, maji yanawezaje kuangusha kitu kizito hivyo, na nimewajibu kwa magunia ya simenti.

Gunia likikaa juu ya gunia jingine, huwezi kulisukuma kirahisi, uzito wake ndio unaolibana. Sasa chukulia maji yameingia kati ya magunia na yanasukuma kwenda juu. Gunia lina uzito ule ule, lakini sehemu ya uzito huo imebebwa na maji, kwa hiyo gunia la chini halibanwi tena kama mwanzo. Punje za mchanga ni hivyo hivyo. Ukuta hauhitaji kuongezewa mzigo ili uanguke. Unatosha kupunguziwa mbano. Ndiyo maana kuurundikia udongo zaidi ukuta unaolia maji ni kuongeza mgonjwa badala ya dawa.

16 Januari 2024

Jumamosi mgodi mdogo wa dhahabu umeporomoka huko Bariadi, Simiyu, wakati wa mvua. Zaidi ya watu 20 wamekufa. Bosi amenipigia mwenyewe, saa 1 asubuhi. Hadi jana alikuwa anataka turudishie udongo ule ule, "safari hii mwingi zaidi". Leo ameuliza: "Unataka nini hasa?"

Nikamwambia nataka mawe. Chini ya usawa wa bwawa hauingii udongo, yanaingia mawe na changarawe tu, maana vinapitisha maji na havihitaji kushindiliwa. Udongo unaanzia juu ya maji, pale roli la kushindilia linapoweza kusimama. Na kati ya ukuta wa asili na udongo kunasimama tabaka la mawe la sentimita 60, toka chini hadi mita 3 chini ya ardhi, ili maji ya mikorosho yakifika yashuke humo, yaingie kwenye mawe ya chini, yatokee bwawani.

Hesabu: kwa mita 100 za ukuta, sehemu ya chini ya maji inakula mita za ujazo 5,060. Mawe makubwa yanayokataliwa na chekeche pamoja na changarawe chafu tuliyonayo yanafika 3,000. Elfu mbili zilizobaki ni changarawe nzuri, ya kuuza. Bosi alizirudia kwa sauti, "elfu mbili", kama mtu anayesomewa bili ya hospitali. Halafu akasema chukua.

Februari, wiki tatu za kwanza

Tumeondoa tope la mporomoko kwa kijiko cha mkono mrefu. Kazi chafu na ya polepole, sina la kuisimulia. Hatukuvuta maji. Mawe tumeyashusha humo humo majini, kuanzia kwenye kitako cha ukuta kwenda mbele, na dereva wa kijiko ameyapanga kwa kugusa, haoni, anasikiliza chuma kikigonga.

27 Februari

Tabaka la kusimama. Kati ya mawe na udongo lazima kuwe na chujio, la sivyo udongo utanyonywa ndani ya mawe na baada ya msimu mmoja una kizibo kingine. Nimepata kitambaa kile cha kuchujia wanachotandika wajenzi wa barabara, kinatosha mita 60. Mita 40 zilizobaki nimefanya kizamani: mawe, kisha kokoto ndogo, kisha mchanga mnene, ndipo udongo. Kila tabaka punje zake ziwe kubwa kiasi cha kutopita kwenye matundu ya jirani yake. Kwa maoni yangu ni bora kuliko kitambaa, inachosha tu.

9 Machi

Roli limekodiwa siku tisa. Tunamwaga tabaka la sentimita 30, tunasawazisha, roli linapita mara nane, tunaongeza. Unyevu tunaupima kwa tonge. Unachukua udongo kiganjani, unaufinya kama tonge la ugali, unauachia toka usawa wa kiuno. Ukivunjika vipande viwili vitatu, uko sawa. Ukisambaratika vumbi, mwagia maji. Ukitua kama chapati na kiganja kimebaki kimepakwa, acha ukauke kwanza. Kijana mmoja kanionyesha tonge lake na kuuliza kama mboga iko wapi. Ilikuwa saa 8 mchana na hakuna aliyekuwa amekula.

Leo pia wamekuja watu wawili na gari zuri. Wanabomoa jengo mjini, wanatafuta pa kumwaga kifusi, wako tayari kulipa kwa kila tripu. Nikapanda juu ya tipa lao la mfano. Juu matofali, chini yake nyaya, magodoro, makopo ya rangi, na vipande vya zile bati za zamani za kijivu zenye asbesto. Bwawa letu linaongea na kisima cha bibi na kijito cha chini. Nimewarudisha. Bosi alisikia kuhusu pesa kabla sijamwambia, na wiki hiyo hatukuongea vizuri.

28 Aprili

Masika ya mwaka huu si ya mchezo, mabonde yamefurika nchi nzima. Bwawa limepanda hadi 3.90, sijawahi kuliona hapo. A iko 3.60. Tofauti sentimita 30 tu. Nimepima mara tatu, *pok, pok, pok*, kisha nikamwita dereva wa kijiko apime na yeye. Ukifika ukingoni mvua ikikatika unaona pale mawe yanapokutana na bwawa mishipa ya maji safi inaingia kwenye maji ya tope.

5 Mei

Jana, Jumamosi, kimbunga Hidaya kilifika pwani upande wa Mafia. Hapa kwetu upepo na mvua usiku kucha. Nimefika saiti alfajiri na tochi. Mwinamo umesimama, lakini uso wake umechanwa na mifereji, mingine inafika kwenye goti. Hili ni kosa jipya, la maji ya juu: sikuchimba mfereji wa kukinga nyuma ya ukingo, kwa hiyo mvua iliyonyesha shambani imekuja yote kutelemka juu ya udongo wangu usio na hata jani moja. Tumeanza mfereji leo, mita 2 nyuma ya ukingo, unapeleka maji kusini kwenye njia iliyopangwa mawe. Mzee amekubali upite mpakani kwake kwa sharti kwamba tusikate mizizi.

15 Juni

Bwawa 4.40 na mvua zimekwisha. Bosi ana mteja wa changarawe ya kaskazini, kaleta pampu mbili za inchi 6. Zikikesha zote mbili zinaweza kushusha bwawa karibu nusu mita kwa siku.

Hapa ndipo wengi wanapoangusha kuta ambazo mvua ilishindwa kuziangusha. Maji yakiwa juu, bwawa linauegemea ukuta na kuusaidia kusimama. Ukiyaondoa ghafla, msaada umeondoka, lakini maji yaliyomo ndani ya udongo bado hayajapata muda wa kutoka. Ukuta unabaki mzito, umelowa, peke yake. Nikamfungulia bosi daftari ukurasa wa Novemba, sikusema kitu. Akasoma. Akaagiza chai.

Makubaliano: pampu moja, sentimita 15 kwa siku zisizidi, na A ikiizidi bwawa kwa sentimita 60 tunazima hadi zikaribiane. Maji yanapita kwanza kwenye dimbwi la kutuliza tope kabla ya kwenda kijitoni, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kimebandikwa ukutani kwenye kontena. Kisima cha bibi kikishuka zaidi ya nusu mita, tunazima pia. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, na bibi amepewa namba yangu ya simu. Amepiga mara nne. Mara tatu ilikuwa sukari.

22 Julai

Kusini na magharibi kuna nafasi, kwa hiyo huko ni kukata na kusukuma. Magharibi ukingo ulikuwa mita 85 kutoka kijitoni. Tukikata 12 zinabaki 73, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka 60, hivyo tuko ndani. Udongo mweusi wa juu tunaukwangua kwanza na kuuweka pembeni, tusije tukauzika.

Mwinamo tunaukagua kwa pembetatu ya mbao, mita 3 kulala na mita 1 kusimama, na timazi inaning'inia. Uzi ukilala kwenye alama, sawa. Siku ya tatu dereva wa kijiko akasema haihitaji tena, jicho lake limeshashika. Nikapima kazi yake ya asubuhi: alikuwa amekosea nyuzi mbili, kwa upande wa ulalo zaidi. Nimemwachia.

Agosti

Nilikwenda Mombasa kwa harusi ya shemeji, nikaiba nusu siku kutembelea Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, sakafu tupu ya mawe na maji yenye chumvi karibu sana kwa chini. René Haller alianza mwaka 1971. Katika aina 26 za miti alizojaribu ni tatu tu zilizoshika, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, ndipo yakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza mbolea. Nimesimama chini ya mivinje hiyo nikifukua majani kwa kidole cha mguu, na kweli jongoo alikuwepo, mwenye miguu myekundu, mnene kama kalamu.

Udongo wao si wetu, siwezi kuhamisha hesabu yao. Lakini niliangalia mabwawa yao ya samaki kwa muda mrefu. Hawakulijaza machimbo. Nimempigia bosi picha.

16 Novemba

Tunatandaza udongo mweusi. Rundo lilikuwa refu mno, mita 3 na nusu, na limekaa zaidi ya mwaka. Juu ni udongo hai, ndani umekufa, unanuka kama yai bovu. Wakati mwingine nitarundika usizidi mita 2. Tumeuchanganya na samadi. Vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, imepandwa kwa mistari ya kukata mwinamo, ukoka katikati. Mvua inabahatisha, tunamwagilia kwa madumu. Mbuzi wamekula mistari miwili ya kwanza usiku mmoja, sasa tunazungushia minyaa.

Kuna jambo linanisumbua. Ukingo wa kulala unamwokoa mtoto aliyeteleza, lakini maji mafupi yenye matete ndiyo nyumba ya konokono wa kichocho. Tumetia perege kwa ajili ya viluwiluwi vya mbu, kwa konokono sina samaki. Kwa sasa tumeacha mahali pamoja tu pa ng'ombe kunywea, pamepangwa mawe na hapaoti kitu, kwingine kote minyaa.

14 Desemba

A 5.02, B 5.30, C 5.88, bwawa 5.41. Kisima cha bibi 4.95. Vigingi vya juu ya kifusi cha mashariki vimeshuka sentimita 7 tangu Machi, nyingi zikiwa katika miezi mitatu ya kwanza.

Mzee nimemkuta juu ya kile kifusi, kwenye zile mita 4 alizopoteza usiku wa Novemba mwaka jana. Amechimba mashimo mawili na kuweka miche ya korosho, mbolea na yote.

"Mzee, nilikuomba usubiri misimu miwili. Udongo bado haujakaa."

"Mimi nimekaa hapa tangu kabla ya barabara," akasema, akinipa jembe nimshikie. "Utanikuta."

Nikamsaidia kuusimamisha mche wa pili. Kisha nikapigilia kigingi kipya kati ya miche yote miwili, nikakiandika kwenye daftari: K14, milimita 0.